Kikao cha Upande Mmoja

Mkewe alicheka tena. Kicheko kilipenya mlango uliofungwa, kikamkuta mume amekaa kwenye benchi la mapokezi, amepakata mkoba wa mkewe kama mtoto wa watu.

"Wamo wangapi humo ndani?" aliuliza.

"Wawili," dada wa mapokezi alijibu bila kuinua macho. "Msuluhishi na mama. Kwanza anaonana na kila upande peke yake, ndio utaratibu wetu. Si umeelezwa?"

"Nimeelezwa. Ila sikuelezwa kwamba kuna vichekesho."

"Msuluhishi wetu anapendwa sana na wanaodai, kaka. Wanaodaiwa ndio humwona mchungu."

Alikuwa amemwona huyo msuluhishi: shati limepigwa pasi likakubali, sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Ndiye aliyemvutia mkewe kiti kwa mikono miwili, kisha akafunga mlango taratibu mno.

Madai yenyewe yalikuwa mepesi. Mkewe, fundi wa mapazia, alishonea nyumba ya wageni mapazia ya vyumba vyote, kwa mkataba uliosainiwa. Mapazia yakatundikwa, wageni wakalala nyuma yake, malipo hayakutoka. Cherehani moja alikwisha kuiuza ili alipe wasaidizi wake. Asipolipwa mwezi huu, angefunga karakana.

Na akilipwa, angehamia karakana kubwa ng'ambo ya mji. Aliyasema hayo mezani, macho yakimng'aa, na mumewe akaishiwa hamu ya kula. Aliyaona yote: wateja wapya, wauza vitambaa wenye maneno matamu, na yeye nyumbani, akiuliza kwa simu utarudi saa ngapi. Tangu siku hiyo alikuwa akitaka kimoyomoyo malipo yazidi kuchelewa. Hakujivunia nia hiyo, lakini hakuiacha.

Asubuhi, ndani ya gari, mkewe alikuwa akipaka rangi ya mdomo kwenye kioo cha juu.

"Huyo mwenye nyumba ya wageni atalipa leo," alisema. "Atake asitake."

"Labda hana."

"Anazo. Anapenda tu kubembelezwa."

"Na akikataa, utamfanya nini?"

"Mimi? Nitacheka tu, mume wangu. Endesha, tutachelewa."

Sasa kikaja kicheko cha tatu, kirefu, cha kushika mbavu, na kingine kizito cha kiume kikakifuata unyounyo. Nyumbani hajakisikia kicheko hicho tangu mkataba usainiwe. Huku nje alikuwa akiviringisha mkanda wa mkoba kidoleni hadi kidole kikafa ganzi.

"Dada, wasipoelewana leo inakuwaje?"

"Wanapangiwa kikao kingine. Na kingine tena, wakitaka. Msuluhishi hachoki."

Vikao vingine. Rangi ya mdomo nyingine, mlango uleule. Ghafla ile karakana ya ng'ambo ya mji ikaonekana kuwa karibu tu, tena mahali pa heshima kabisa.

Mlango ulifunguliwa. Mkewe alitoka akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kidole.

"Vipi?" mumewe aliuliza.

"Mtu mzuri huyu, jamani! Natamani hata tusielewane leo."

Msuluhishi alitokeza kichwa, bado anatabasamu.

"Haya, mama tumemaliza naye. Sasa nimwone mwenye nyumba ya wageni."

"Ndimi," alisema mumewe, akamrudishia mkoba, akaingia, na kabla hajakaa alikuwa ameshatoa kitabu cha hundi.