Ua la Kulia

Ua la kulia Muthaiyan alikuwa amelibandika kwa liwa nzito ya msandali, akaligandamiza kwa dole gumba mpaka likashika begani kwa Mama, mungu wa jiwe wa kijiji, kama limeota hapo. La kushoto alilishikiza kwa tone la maji tu. Likianguka la kulia, Mama amekubali. La kushoto, amekataa. Na leo yeye, kuhani wake, alitaka akatae.

Kijiji kizima kilijazana chini ya tuta la bwawa kumwuliza mungu wao kama atahamia hekalu jipya, kule barabarani.

"Kuhani, mbona jasho linakutoka kama bwana harusi?" mwanamke mmoja alimtania. Wenzake wakacheka.

Hadithi waliijua wote, ila siku hizi waliiimba tu: tuta lilibomoka mara tatu, mpaka binti mmoja akajengewa ndani yake akiwa hai. Binti huyo ndiye Mama. Tangu hapo anasimama, mgongo kwenye ukuta wa tuta, na maji hayapiti.

"Kataa, Mama," Muthaiyan alinong'ona.

Ua la kulia likaanguka, pamoja na liwa yake yote.

"Amekubali!" Ngoma zikalipuka, vigelegele vikafuata. "Haya, mbebeni Mama yetu!"

Muthaiyan akainama kuliokota. Lilikuwa limelowa chapachapa. Akainua macho. Nyuma ya shingo ya jiwe, uzi mwembamba wa maji ulikuwa ukitoka ukutani na kutiririka begani.

"Ngojeni!" alipiga kelele, lakini kwa ngoma zile hata mwenyewe hakujisikia, na wanaume wanne walikuwa wameshamkumbatia Mama kiunoni, wakaanza kumtikisa.