Mgonjwa wa Kitanda Namba Sita

"Soma tena," alisema Nesi Dorkas.

Luciana aliinua themometa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu mpaka uzi wa zebaki ukaonekana. Tisini na nane, nukta nne za Farenhaiti, joto la mtu mwenye afya. Ilikuwa mara ya tatu.

"Mgonjwa kaletwa jana kwa machela, mapafu yanawaka moto. Bwana Daktari mwenyewe kaandika digrii mia na tatu kabla hajaondoka safari. Wewe leo unaniletea joto la mtu anayetoka kisimani. Macho unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi yatumie."

Luciana alitazama karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda namba sita. Mgonjwa huyo alikuwa amekabidhiwa yeye peke yake, na Ijumaa Nesi Dorkas angemwandikia ripoti ya miezi mitatu ya uanafunzi wodini. Wenzake wawili walikwisha rudishwa makwao, mmoja kwa kuvunja bomba la sindano, mwingine kwa kubisha. Yeye alitoka kwao Ulemo bila radhi ya baba. Akirudi mikono mitupu, hata pa kulala hana.

Akaishusha themometa. "Mia na mbili, mama. Nilishika vibaya."

"Umeona sasa? Andika."

Akaandika.

Nesi Dorkas hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa Mwafrika wa kwanza katika hospitali ile ya misheni kukabidhiwa wanafunzi, na Wazungu walikuwa wanamtazama kama atavurunda. Ndiyo maana sheria zake zilikuwa kali. Ita jina kabla ya sindano. Usipige soga na wagonjwa. Kitanda kisikutwe kitupu. Kikikutwa kitupu anapewa mwingine, maana barazani watu walikuwa wanangoja, wamelala kwenye sakafu ya saruji. Na upuuzi wa vijijini hakutaka hata kuusikia.

"Hapa si kwa mganga," aliwaambia wanafunzi, "ambako mama anakunywa dawa ili mwana apone."

Wiki ile walikuwa wamezika wanne. Wodi ilijaa mpaka chini ya vitanda, ambako ndugu waliokuja kuuguza walitandika mikeka na ngozi zao. Nesi Dorkas alikwisha choka kuwafukuza.

Namba sita walikuwa dada wawili kutoka upande wa Mwankoko. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Mmoja kitandani, mmoja chini yake, amejifunika blanketi gubigubi.

Kila ilipofika saa ya sindano, Luciana alisimama wima, akaita jina lililoandikwa kwenye cheti, "Sijaona!"

Mwanamke wa kitandani alichungulia kwanza chini, kisha akatoa mkono. Ulikuwa mkono mnene, wa mtu aliyezoea kutwanga. Alifumba macho, akauma mdomo, akapokea penisilini yake bila kulia.

Siku ya tatu asubuhi Luciana alimkuta nje, kwenye mafiga, anakoroga uji. Alikimbia kumwita Nesi Dorkas, akidhani kuna makosa. Nesi Dorkas akacheka, jambo ambalo wanafunzi hawakulizoea, akawaita wote dirishani.

"Tazameni! Juzi kabebwa kama mzigo, leo anapika. Penisilini hiyo! Na mkono wa mwenzenu Luciana."

Luciana alipaswa kufurahi. Lakini kitu kilimkaa rohoni, na jioni alipopeleka sindano akashindwa kujizuia.

"Mama, huyu wa chini naye anakohoa sana. Nimpime joto?"

"Ana cheti?"

"Hana, mama. Cheti ni cha kitanda."

"Asiye na cheti si mgonjwa. Humu nani hakohoi? Kesho utataka kupima na wachunga ng'ombe barabarani." Kisha akashusha sauti. "Luciana. Umebakiza siku mbili. Usiniharibie."

Luciana akarudi kwenye sindano zake. Alikwisha jifunza somo kubwa la wodi ile: kutobisha.

Karatasi ilipendeza. Mia na mbili, mia na moja, mia, tisini na tisa; mstari ulishuka vizuri, hatua kwa hatua, kama ilivyo katika kitabu cha mafunzo. Themometa yenyewe haikuwahi kusema hivyo hata mara moja. Kila alipoandika, alijiambia kwamba macho yake ndiyo mabovu. Ijumaa, kwa mara ya kwanza, aliandika alichokiona: tisini na nane, nukta nne.

Nesi Dorkas alimsomea ripoti palepale kando ya kitanda namba sita, mbele ya wenzake. "Mtiifu. Makini. Anafaa kuwa nesi." Luciana akalia mbele za watu, na safari hii hakuna aliyemgombeza.

"Haya, Sijaona," Nesi Dorkas alimgeukia mwanamke wa kitandani, bado anatabasamu. "Umepona. Mwamshe dada yako mfunge mizigo, mwende nyumbani."

Mwanamke hakuinuka. Alimtazama Nesi, akamtazama Luciana, kwa woga wa mtu anayejua atagombezwa.

"Sijaona ni huyu wa chini, mama. Anaogopa kulala juu, anasema ataanguka. Nanyi mlisema kitanda kisikutwe kitupu."

Akafunua bega lake, limevimba, limejaa alama za sindano.

"Zote nimempokelea, hata moja sikukataa. Ila tangu alfajiri namwita, haitiki."