Golikipa wa Nyuki

“Vua jezi,” Mselem alisema. “Kuanzia leo si yako.”

Idarusi alidhani ni mzaha. Aliwatazama wenzake waliokaa kwenye mabenchi ya klabu, akangoja mmoja wao acheke. Hakucheka mtu.

Ilikuwa Jumatatu alasiri, mwaka 1957, mjini Muheza. Miaka minane nyuma vijana hao, mafundi baiskeli, washona nguo na wauza machungwa, walifyeka kichaka nyuma ya stesheni, wakang'oa visiki kwa mikono yao, wakapata kiwanja. Timu wakaiita Nyuki. Idarusi, fundi seremala, ndiye aliyechonga magoli. Kisha akasimama katika goli mojawapo na hakuna aliyemtoa tena.

“Mwenzetu Uweso amekuona ofisini kwa meneja wa shamba la mkonge,” Mselem, nahodha wao, aliendelea. “Ulikwenda, hukwenda?”

“Nilikwenda. Aliniita.”

“Akakwambia nini?”

“Kwamba atanipa kazi na nyumba ya bati, nikachezee timu ya shamba. Anataka Nyuki ife, kiwanja akichukue yeye. Nikamwambia hata anipe shamba zima, sitaki.”

“Nani shahidi wako?”

Idarusi hakuwa naye. Mle ofisini walikuwa yeye na meneja tu.

“Mselem, ndugu yangu,” alisema, “mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Mama yako ndiye aliyenilea. Mimi nikuuze wewe?”

Mselem aligeuzia uso dirishani.

“Wanaotaka atoke, wanyooshe mikono.”

Ikanyooshwa yote. Wa Uweso ulichelewa kidogo, lakini nao ukapanda. Idarusi akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Alipita barabara kuu kifua wazi, watu wakimtazama.

Kesho yake sokoni, Idarusi alimwamkia mzee mmoja shikamoo, mzee hakumwitikia. Jumatano mteja akaja kuchukua mlango wake ambao haujakwisha. Idarusi akaenda kwa Bi Mwamvua, mama yake Mselem, akapiga magoti mbele yake.

“Mama, nisemee kwa mwanao. Aniruhusu niape kwa msahafu mbele yao wote. Sitaki kingine.”

Bi Mwamvua akajitanda kanga, akaenda. Aliporudi alikuwa amelia.

“Kakataa, mwanangu. Anasema kiapo chako hakihitaji. Nimemuuliza kwa nini, akaninyamazia.”

Ijumaa usiku haukumletea usingizi, na Jumamosi, jua lilipoanza kulegea, akachukua viatu vyake vya mpira. Mkewe, Sabiha, akasimama mlangoni.

“Wamekuvunjia heshima mji mzima, nawe unawafuata?”

“Wamedanganywa tu, Sabiha. Leo wanacheza na Pangani, na golikipa mwingine hawana. Wakiniona pale wataniita.”

“Na wasipokuita?”

“Nitakaa nyuma ya goli. Nitawatazama.”

Kiwanjani watu walikuwa wamejaa. Wachezaji wa Pangani walishafika na walikuwa wakipigiana mpira. Saa kumi ikapita, saa kumi na nusu ikafika. Hakuna hata Nyuki mmoja aliyetokea.

“Wenzako wako wapi?” nahodha wa Pangani, mtu aitwaye Massoud, alimuuliza.

“Watakuja,” Idarusi akajibu. “Hawajapata kukimbia mechi.”

Mara likaingia lori la shamba la mkonge, likasimama karibu na kona ya kiwanja. Nyuma yake walisimama watu wenye jezi nyekundu, mpya, zenye mikunjo ya dukani. Idarusi akaona moto kifuani. Kumbe meneja hakungoja hata Nyuki ife. Ameleta timu yake kukitwaa kiwanja mchana kweupe! Akakimbia hadi golini, akatanua mikono kati ya nguzo mbili.

“Hiki ni kiwanja cha Nyuki!” alipiga kelele. “Hamchezi hapa! Rudini mkongeni!”

Watu wakaguna. Wa kwanza kuruka chini alikuwa Uweso. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakiangalia majani, na Idarusi akawajua wote kwa majina. Wa mwisho alikuwa Mselem, na kitambaa cha unahodha mkononi.

Mselem akaja hadi kwenye mstari wa goli.

“Ondoka, Idarusi. Nyuki haipo. Imevunjwa Jumatatu ile ile, ulipotoka tu.”

“Imevunjwa na nani?”

“Na wanachama. Katiba yetu ilitaka wote wakubali, asibaki hata mmoja wa kupinga.” Mselem akainamisha macho. “Ni wewe peke yako tuliyejua utakataa.”