Unga Chini ya Sakafu

Jana Mwanaidi alimaliza kuziba nyufa za boti yao ya kutembeza wageni mtoni, kwa pamba na lami, kisha akanyunyiza unga wa mahindi chini ya sakafu. Unga ukilowa, wageni wa leo hawapandi. Asubuhi aliinua ubao, akatia kidole. Unga ulikuwa mkavu.

"Shomvi, njoo uone," alimwita mumewe. "Hata tone."

Miaka tisa siku zao zilianza na kopo la maziwa: kuchota maji botini, kumwaga, kuchota tena, ndipo chai iinjikwe. Leo mkono ulilishika kopo kwa mazoea, ukakosa kazi. Mwanaidi akacheka, akatwaa nyundo na msumari.

"Usilitoboe, mke wangu. Hujui ya kesho."

"Kuziba nimejifunza. Kuchota nimechoka."

Akalitoboa matundu matatu, akalijaza udongo, akapanda mche wa pilipili, akalining'iniza mlangoni pa kibanda cha boti. Kisha akainama, akachota maji ya mto kwa kiganja, akaumwagilia mche. Yalikuwa maji ya kwanza kuingia botini kwa ruhusa yake, nayo yakapita matunduni, tone kwa tone, yakadondoka sakafuni miguuni pa Shomvi.