Ruba Anarudi kwa Mama

Ruba alilisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, akashuka ngazi kabla Bi Mwanatumu hajapiga hodi ya pili. Jirani yake huyo alikuwa ameketi barazani na sahani ya mikate ya mofa iliyofunikwa kwa kawa.

"Mbona hukai, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanatumu. "Kutwa wapanda, washuka. Mguu mmoja nyumbani, mmoja ndiani."

"Ni joto tu, Bi."

Halikuwa joto. Ruba alikuwa na mwaka wa nne hapo kisiwani, mtaa wa Mkomani, tangu mumewe, Ghassan, alipopata kazi ya uhandisi kwenye bandari mpya upande wa Kililana, akawahamisha kutoka Lebanoni yeye na binti yao, Afra. Kila siku Ghassan aliondoka na boti asubuhi, akarudi jua likichwa. Mchana kutwa Ruba aliizunguka ile nyumba ya mawe: jikoni, ukumbini, juu darini, tena jikoni. Akiketi, miguu ilimcheza. Afra, aliyekuja bado hajui kutembea, sasa aligombana na wenzake vichochoroni kwa Kiamu kitupu. Juzi mama yake alipomsemesha Kiarabu, mtoto alikunja uso, akasema, "Mama, sema vizuri, sikuelewi."

Lakini kilicholitoa sanduku kabatini ni mkataba wa kazi ya mumewe. Ghassan alikuwa ameuongeza, miaka mingine kadhaa, bila kumuuliza. Alimwambia huku akivua viatu, kama mtu anayetoa habari za mvua.

Mama yake Ruba hakujua lolote. Alikuwa mjane mwenye presha, akiishi peke yake kule kwao Tripoli ya Lebanoni, orofa ya nne, katika nyumba alimozaliwa Ruba. Ruba alikuwa ameapa hatamtia wasiwasi. Kwa hiyo kila walipoongea kwa simu, yeye ni sifa tu: upepo wa baharini, samaki aliyevuliwa leo, majirani wanaoleta chakula bila kuombwa.

Wiki ile mama aliuliza mengi kuliko kawaida.

"Nyumba yenu ina ngazi nyingi?"

"Za kwendea juu. Chumba cha chini hakina ngazi. Tunawekea makorokoro."

"Na huyo jirani yako anajua Kiarabu?"

"Cha Kurani tu, mama."

"Kinatosha."

Ruba alicheka, akaaga, akaendelea kukunja nguo za Afra.

Alhamisi jioni alimwambia mumewe. "Naenda kwetu na mtoto. Usiniulize tutarudi lini."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno yote alikwisha kuyapanga. Ghassan akasema, "Sawa. Lakini msiende kesho. Nendeni Jumapili, nitawasindikiza mwenyewe."

Sawa. Mume hakusihi, hakupandisha sauti, hakuuliza hata kosa lake nini. Ruba aliona afadhali angetukanwa.

Jumamosi nzima simu ya mama haikupatikana. Umeme wa kule huo, akawaza, na wala hakusikitika sana, kwani safari hakutaka kumtangazia. Alitaka kuzipanda zile orofa nne, abonyeze kengele, auone uso wa mama mlango unapofunguka. Kisha alale kwenye kitanda chake cha usichana mpaka moyo utulie.

Jumapili, Bi Mwanatumu alipoliona sanduku likitolewa nje, hakuuliza. Alimwekea Afra mkono kichwani, akamsomea Fatiha.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Ruba. "Kila mtu na nti yake, kila mtu na kwao." Halafu akajifunika buibui usoni, akaingia ndani kwake.

Kwenye uwanja wa ndege wa Manda, Ghassan hakutulia. Alitazama saa, akatazama angani, akatazama saa tena.

Ana haraka tumwondokee, Ruba akawaza.

Ndege ikatua. Watalii walishuka kwanza, kisha maofisa wawili na mikoba yao, na nyuma kabisa mwanamke mzee aliyevaa koti zito katika jua lile, ameishika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Mama," Afra alisema, "yule si bibi wa kwenye simu?"

Mkoba ulimponyoka Ruba mkononi.

"Nilimwomba aje akae nawe mwezi mmoja," Ghassan alisema polepole. "Alinikataza nisikwambie. Kama bado unataka kwenda, nenda. Lakini zungumza naye kwanza."

Ruba hakungoja amalize. Alimkimbilia mama, akamkumbatia, akalia begani kwake kilio alichokizuia tangu siku ya kwanza walipofika. Mama alimpapasa mgongo. Aliivuta ile hewa ya chumvi, akayatazama maji na mikoko ng'ambo ya pili, akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu aliyeyakuta yote aliyosimuliwa.

Ghassan alikwenda kuchukua mzigo wa mkwewe. Alichelewa. Aliporudi, wachukuzi wawili walimfuata wakisukuma mkokoteni: masanduku, cherehani, sufuria za shaba, na juu ya vyote zulia kubwa lililoviringishwa na kufungwa kamba. Uso wake ulikuwa umesawijika.

Ruba alilitambua zulia. Alijifuta machozi kwa kiganja.

"Mama, umekuja na zulia la sebuleni? Kwa mwezi mmoja?"

"Ningeliacha wapi, mwanangu?" mama alisema. "Nyumba nimeshaiuza."