Ubao wa Sita

Semeni alipoingia ukumbini, kiongozi wa bendi alikuwa akiipiga marimba ya marehemu baba yake Semeni, ambayo Semeni aliwaazima, kwa vijiti vigumu vya marimba ya chuma.

“Kaka Gervas, acha! Hiyo ni ya mbao. Inataka vijiti vilivyofungwa mpira kichwani.”

“Dada yangu, marimba ni marimba,” Gervas alicheka. “Watu wa harusi wanataka kelele, hawaulizi mti.” Akapiga kwa nguvu zaidi.

Ubao wa sita ukapasuka.

Gervas akajikuna shingo. “Pole. Seremala atakuchongea mwingine leo hii.”

Semeni aliufungua ubao kwenye kamba zake, akaugeuza. Upande wa chini kulikuwa na alama za kisu. Baba aliupunguza kidogo kidogo, akiugonga na kuusikiliza, msimu mzima wa masika, mpaka ukakubali kuimba.

Alichukua kijiti chake chenye mpira, akaugonga taratibu. Ulitoa mlio mkavu, kama mtu anabisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Akaugonga tena, akainamisha sikio, akasubiri.