Kovu Chini ya Kitovu

Waruguru alilala chali kwenye kitanda cha kliniki pale Ruiru, sindano nane nyembamba zimesimama tumboni. Nyaya zilitoka kwenye sindano hadi kwa mashine ndogo, na kila umeme ulipopita, kitambi kilirukaruka chenyewe.

Harusi ilikuwa imebaki wiki sita, na alitaka kitambi kipungue kabla ya siku hiyo. Mchumba wake aliketi kando, amemshika mkono.

Daktari aliinama kuongeza sindano nyingine. Kidole chake kikasimama chini ya kitovu.

"Hapa sitadunga, kuna kovu. Ulizaa kwa upasuaji? Mtoto ana miaka mingapi?"

Mchumba aligeuka kumtazama.

Alikuwa na miaka saba, huyo msichana wake. Aliishi na nyanya yake kule Witeithie, na Waruguru alipowatembelea, mtoto alimwita "anti", kama alivyofundishwa.

"Sijawahi kuzaa," Waruguru alisema. "Hiyo ni ya apendiksi."

Daktari alilitazama kovu tena, akaongeza umeme kidogo.

Jibu lilikuwa limeshatoka, na Waruguru hakujua angelirudisha vipi. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Inauma sana?" mchumba aliuliza, akimpangusa. "Nimwambie apunguze?"

"Hapana," alisema. "Mwache aendelee."